Ngamia wa Jabir: Aliyefiwa na Kuanguka Kiriziki Naye Ana Haki ya Kuoa

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, wapo katika misikiti yetu vijana walioacha kukaa barazani baada ya swala. Wakishatoa salamu ya mwisho huchukua viatu vyao na kuondoka kabla mtu hajawauliza habari za nyumbani. Ukichunguza utakuta kuwa mambo mawili yamewafika kwa kufuatana: riziki imekatika, na mzazi amefariki. Mmoja alikuwa na duka. Kodi ya pango na mikopo ya wateja vikamaliza mtaji. Mwingine mkataba wake wa kazi ulifika mwisho na mwajiri hakuuhuisha. Kabla jambo hilo halijapoa, baba akaugua, matibabu yakala kilichosalia, kisha mzee akaitikia wito wa Mola wake.

Kijana wa namna hiyo ukimtajia ndoa huinamisha kichwa. Hujibu kuwa atalifikiria mambo yakikaa sawa. Ukimbana zaidi hutoa hoja tatu. Ya kwanza, hana mali na ana madeni. Ya pili, bado yumo msibani, na kusema habari za harusi ni kumkosea adabu marehemu. Ya tatu, baba amemwachia wadogo zake, na haoni mwanamke atakayekubali kuingia katika nyumba yenye mzigo kama huo. Wengi wetu huzisikia hoja hizo, tukatikisa vichwa na kumpa haki. Miaka ikapita. Naye binti aliyekuwa akimsubiri akaposwa na mwingine, au akabaki kwao akisubiri jambo lisilotajwa tarehe.

Makala ya leo inataka kuonesha kuwa hoja zote tatu ziliwahi kukutana kwa kijana mmoja wa Madina, tena kwa wakati mmoja. Hakungoja mambo yakae sawa ndipo aoe. Na Mtume (SAW), alipopata habari zake, hakumlaumu. Alimwombea baraka, kisha akamnunua ngamia.

Kijana aliyeachiwa madada na deni

Jina lake ni Jabir bin Abdillah (RA), Answari wa ukoo wa Bani Salima. Baba yake, Abdullah bin Amr bin Haram (RA), alikuwa miongoni mwa viongozi walioteuliwa katika kiapo cha Aqaba. Usiku wa kuamkia vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, mzee huyo alimwita mwanawe na kumweleza kuwa anajiona atakuwa miongoni mwa watakaouawa mwanzo. Alimwambia kuwa, ukimtoa Mtume (SAW), hamwachi nyuma mtu aliye mpenzi zaidi kwake kuliko yeye Jabir. Kisha akamuusia mambo mawili: alipe deni lake, na awatendee wema dada zake.

Ikawa kama alivyotabiri. Jabir aliletewa mwili wa baba yake ukiwa umekatwakatwa. Akawa akifunua nguo usoni mwa marehemu na kulia, watu wakimkataza, lakini Mtume (SAW) hakumkataza. Jambo hili tulizingatie, kwa sababu baadhi yetu tunadhani kuwa machozi ya mwanamume kwa mzazi wake ni udhaifu wa imani. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kujipiga na kusema maneno ya kumkasirisha Allah. Machozi ni rehema.

Baada ya mazishi kijana alibaki na nini? Alibaki na dada saba au tisa, kwa tofauti ya riwaya, na deni kubwa la tende ambalo mavuno ya bustani yao hayakuonekana kuwa yangelitosheleza. Wadai hawakuwa watu wa kungoja. Katika riwaya aliyoipokea Imam Tirmidhi, Mtume (SAW) alikutana naye, akamwona amevunjika, akamuuliza ana nini. Jabir akajibu kuwa baba ameuawa, ameacha watoto na deni. Hapo Mtume (SAW) akamliwaza kwa kumpa habari za heshima aliyoipata baba yake mbele ya Mola wake.

Tazama nani aliyeanza kuuliza. Kijana hakuja kulalamika. Ni kiongozi wa umma aliyemtazama usoni, akaona, akauliza.

Mazungumzo ya njiani

Kisa mashuhuri zaidi kimepokewa na Bukhari na Muslim. Jeshi la Waislamu lilikuwa likirejea kutoka safari, na Jabir alikuwa nyuma ya wenzake kwa sababu ngamia wake alikuwa amechoka. Mtume (SAW) akamfikia, akamchochea ngamia yule na kumwombea, naye akaenda mwendo ambao hajapata kuwa nao. Wakawa wanakwenda bega kwa bega na kuzungumza. Mtume (SAW) akamuuliza kama ameoa. Akajibu ndiyo. Akamuuliza kama ameoa msichana au mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla. Jabir akajibu kuwa ni mwanamke aliyekwisha kuolewa. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakuoa msichana, wakacheza na kufurahishana.

Hapo ndipo Jabir alipotoa maelezo yake. Baba yake ameuawa na kuacha mabinti. Naye hakupenda kuwaletea msichana aliye kama wao. Alitaka mwanamke mzima atakayewakusanya, awachane nywele na kusimamia mambo yao. Mtume (SAW) aliposikia hivyo aliliona ni jambo jema, akamwombea baraka.

Wanazuoni wametoa mafunzo mengi katika mazungumzo hayo mafupi. Mimi nitataja matatu yanayohusu vijana wetu.

Funzo la kwanza: swali la Mtume (SAW) lilikuwa la furaha. Mtu huyu amezika baba, anadaiwa, amepanda ngamia hoi, na bado Mtume (SAW) anamuuliza habari za kucheza na mkewe. Maana yake ni kwamba mwenye msiba na madeni hajapoteza haki yake ya kupendwa na kuliwazwa. Sisi, kinyume chake, tukimwona aliyefiwa anatabasamu na mchumba wake tunanong'onezana kuwa amemsahau mzazi mapema.

Funzo la pili: Jabir aliuhesabu mzigo wake ndani ya ndoa, hakuuweka kando. Kijana wa leo husema kuwa wadogo zake ndio wanaomzuia kuoa. Kwa Jabir, madada ndio waliomwelekeza aoe nani. Alijiuliza ni mwanamke gani atakayefaa katika nyumba hii kama ilivyo, wala hakungoja nyumba iwe tupu na nyepesi.

Funzo la tatu: alimchagua mwanamke ambaye mitaani kwetu wengi humkwepa. Mtalaka au mjane, kwa baadhi ya watu, ni mtu wa kufikiriwa baada ya wengine wote kukosekana. Jabir aliona katika uzoefu wake hazina. Mwanamke aliyekwisha kuendesha nyumba, aliyekwisha kuonja uchungu na kuuvuka, anajua namna ya kuingia mahali penye huzuni bila kushtuka.

Biashara ya ngamia

Mazungumzo hayakuishia kwenye dua. Mtume (SAW) alimtaka Jabir amuuzie ngamia yule. Wakapatana bei, kwa sharti kwamba Jabir atampanda mpaka Madina. Walipofika, Jabir alimpeleka ngamia msikitini. Mtume (SAW) akamwamuru Bilal (RA) ampimie thamani yake na amwongezee. Jabir alipopokea na kugeuka aende zake, akaitwa tena. Yamkini alidhani biashara imebatilika. Kumbe alikuwa anarudishiwa ngamia wake, na thamani pia abaki nayo.

Ndugu msomaji, hebu tulitafakari hili kwa utulivu. Mtume (SAW) angeweza kumpa fedha mkononi pale pale njiani, na Jabir angeshukuru. Lakini alimpitisha katika mlango wa biashara: bei ikajadiliwa, sharti likawekwa, mali ikakabidhiwa, thamani ikapimwa kwa mizani. Kijana aliyekuwa akitembea nyuma ya msafara akatendewa kama mtu mwenye kitu cha kuuza, mwenye neno lake katika mapatano. Mtu aliyeanguka kiriziki huwa amepoteza fedha na pia amepoteza kule kuhesabiwa kuwa mtu wa kufanya naye shughuli. Sadaka hurudisha la kwanza. Biashara ya haki hurudisha yote mawili.

Riwaya zinataja jambo dogo lingine ambalo nalipenda. Jabir alipofika nyumbani alimweleza mjomba wake kuwa amemuuza ngamia, na mjomba akamlaumu. Basi lawama za ndugu hazikuanza leo. Mtu anaweza kuwa amefanya jambo lenye baraka ya Mtume (SAW) mwenyewe, na bado akakuta mjomba mlangoni ameshika kiuno.

Deni la marehemu na mipaka ya msiba

Sasa tuzijibu zile hoja kwa hukumu zake, maana vijana wengi wanajifunga kwa kamba ambazo sheria haikuzifunga.

Kwanza ni deni. Katika mali ya marehemu hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho kinachorithiwa. Sura An-Nisaa imeweka wazi kuwa mirathi huja baada ya wasia na deni. Kwa hiyo deni la baba ni la mali ya baba. Mali isipotosha, mtoto halazimiki kisheria kulipa kutoka mfukoni mwake, ingawa akilipa ni wema mkubwa kwa mzazi na ni kumtua mzigo. Kijana anayeahirisha ndoa miaka mitano kwa kudhani kuwa kila shilingi aliyokopa baba yake imehamia shingoni mwake, na aende kwa wanazuoni akaulize kabla ya kujihukumu.

Na kama deni ni lake mwenyewe, la biashara iliyoanguka, Qur'ani katika Sura Al-Baqara inamwamuru mdai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na inasema kuwa kusamehe ni bora zaidi. Aidha, wenye madeni wametajwa katika Sura At-Tawba miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Mtu hapaswi kuona haya kuchukua haki aliyopangiwa na Mola wake.

Pili ni msiba. Mtume (SAW) amebainisha kuwa hairuhusiwi kwa mwanamke Muumini kukaa matangani kwa maiti yeyote zaidi ya siku tatu, isipokuwa kwa mumewe, ambapo hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ikiwa hiyo ndiyo mipaka yake, mtoto wa kiume aliyefiwa na baba hana kipindi chochote cha sheria kinachomkataza kuposa au kuoa. Huzuni ya moyoni haina tarehe, hiyo tunakubali. Lakini kusema kuwa mwaka haujaisha, au kwamba mtaa utasema, ni ada za watu. Mtoto mwema anayemwombea baba yake ni miongoni mwa matendo yasiyokatika kwa marehemu. Basi mwana anayeoa kwa halali na kulea watoto watakaomwombea babu yao, amemkosea adabu vipi mzee wake?

Kisa cha seremala

Nitataja kisa kimoja kilichopita katika ofisi ya msikiti wetu. Wahusika wameniruhusu kukiandika, kwa sharti la kutotaja majina.

Kijana mmoja alikuwa na karakana ndogo ya useremala. Zabuni aliyoitegemea ilikwenda kwa mwingine baada ya yeye kukopa mbao. Akafunga karakana. Katika miezi hiyo hiyo baba yake akapatwa na kiharusi. Kijana akauza randa, misumeno na mashine ya kukerezea ili kulipia matibabu. Mzee akafariki. Siku ya mazishi, ilipotangazwa kama ilivyo ada kuwa mwenye kumdai marehemu aonane na familia, walijitokeza wadai wanne. Nyumbani wakabaki mama na mabinti wawili wanaosoma sekondari.

Alikuwa akimpenda mwalimu mmoja wa madrasa, mtalaka mwenye mtoto mmoja. Baba zake wadogo wakapinga: hana kazi, hajamaliza madeni, na sasa anataka kujitwika mtoto wa mtu. Naye alifanya jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya. Alichukua karatasi akaandika kila anachodaiwa, kila anachoingiza kwa vibarua, na watu wote anaowalisha. Karatasi hiyo akaifunga pamoja na barua ya posa na kumkabidhi mshenga.

Baba wa yule mwalimu alikuwa amekwishafariki, na babu pia. Walii wake alikuwa kaka yake wa baba na mama mmoja. Kaka alimwita dada yake, akamsomea karatasi yote mpaka mwisho na kumwachia siku tatu. Jibu la bibi yule lilikuwa kwamba katika ndoa ya kwanza hakuwahi kuoneshwa mfuko wa mumewe mpaka wadai walipokuja mlangoni. Huyu ameonesha kabla ya kuingia. Akakubali. Mahari akaitaja mwenyewe: cherehani moja, na ilipwe baada ya mwaka.

Kamati yetu nayo ilikuwa ikizungumzia milango ya vyoo na makabati ya madrasa kwa muda mrefu. Tukampa kazi ile kwa bei ya soko, kwa hati ya maandishi, nusu ikalipwa mwanzo. Kwa nusu hiyo alikomboa zana zake za lazima. Mmoja wa wajumbe alishauri tupige mchango tumpe tu fedha. Mzee wetu wa kamati akamjibu kwa kumtajia ngamia wa Jabir, na shauri likafungwa. Ukiingia leo katika madrasa yetu utayakuta makabati hayo, na droo zake hazikwami.

Sitasema kuwa dhiki yao imekwisha. Wadai wawili bado wanalipwa kidogo kidogo. Lakini mama mkwe hueleza kuwa wale mabinti wawili, ambao tangu msiba walikuwa wakila kimya na kwenda kulala, sasa husukwa nywele barazani kila Ijumaa asubuhi, na kicheko chao husikika mpaka nyumba ya pili. Na cherehani imekwisha kulipwa.

Upande wa wanawake na mawalii

Isidhaniwe kuwa maneno haya ni ya wanaume pekee. Tunao dada zetu walioacha kazi ili wawauguze mama zao. Mama akifariki, dada anajikuta ana miaka thelathini na kitu, hana ajira, na majirani wameanza kumhesabia umri. Kwake ipo mifano miwili. Bibi Khadija (RA), mjane na mfanyabiashara, ndiye aliyeanza kutuma ujumbe wa ndoa kwa Mtume (SAW). Basi si aibu kwa mwanamke au walii wake kumwendea mtu mwema. Na Ummu Salama (RA), alipoposwa na Mtume (SAW) baada ya kufiwa na Abu Salama, hakuficha kitu: alisema kuwa umri wake umekwenda, ana wivu, na ana watoto. Kila moja lilipata jibu lake, na ndoa ikapita. Aliyeeleza mzigo wake mapema hakupungukiwa heshima.

Kwa mawalii, tusome Sura Al-Qasas. Nabii Musa (AS) aliingia Madyan akiwa mkimbizi. Jana alilelewa katika kasri la Firauni, leo hana kazi, hana nyumba, hana chakula. Akawanyweshea wanyama mabinti wawili, kisha akakaa kivulini na kumwomba Mola wake kheri yoyote atakayomteremshia. Binti mmoja alipomsifu kwa baba yake, hakutaja mali, kwa kuwa mali hakuwa nayo. Alitaja nguvu na uaminifu. Mzee akamwozesha kwa kazi ya miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Hivyo ndivyo vipimo viwili vya kumpima aliyeanguka kiriziki: je, ana nguvu ya kuinuka na kufanya kazi, na je, ni mwaminifu?

Hata hivyo hatusemi kuwa walii asiulize habari za fedha. Fatima binti Qays (RA) alipomtaka Mtume (SAW) ushauri kuhusu waliomposa, alimweleza wazi kuwa Muawiya (RA) ni fukara asiye na mali, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd (RA). Hakupenda mwanzoni, kisha akaiona kheri yake. Haki ya mwanamke kujua hali halisi ni haki thabiti. Lakini tukumbuke pia kuwa yule aliyeitwa fukara siku ile, mwaka wa 41 Hijria alikuwa mtawala wa umma mzima. Hali ya mtu ya leo ni habari ya leo. Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na kijana naye asiifanye ndoa kuwa kituo cha matibabu. Asioe ili apate mtu wa kumuuguzia huzuni bure, wala wa kulea wadogo zake huku yeye amelala. Jabir alimleta mkewe katika nyumba yenye kazi, lakini yeye mwenyewe aliendelea kuhangaikia deni na bustani. Asiyeweza bado kuamka na kutafuta vibarua, au ambaye huzuni imemzidi mpaka haswali na hali, aanze kwa kutafuta msaada wa familia, imamu na daktari. Ndoa itamkuta mbele, inshaallah.

Wajibu wa jamaa

Tulilonalo mkononi sisi wa misikitini ni kufanya aliyoyafanya Mtume (SAW), kwa kadiri yetu. Alimuuliza aliyevunjika ana nini. Nasi tumzuie kwa upole yule anayewahi viatu vyake. Alimnunua ngamia, nasi tunapokuwa na kazi ya kushona majuba ya madrasa, kupaka rangi, kupika futari au kuandika hesabu, tuanze kwa walioanguka miongoni mwetu, kwa malipo kamili.

Na deni lilipombana Jabir, Mtume (SAW) alimwendea mdai na kumwombea muda, mdai akakataa. Ndipo akafika bustanini, akazizunguka chungu za tende na kuomba baraka, na deni lote likalipwa, tende zikabaki. Miujiza hiyo si yetu, lakini hatua za miguu kwenda kwa mdai ni zetu. Mdai akimwona imamu au mzee wa mtaa amekuja pamoja na mdaiwa, huzungumza lugha nyingine.

Familia nazo zipunguze vizingiti. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango na ukumbi wa harusi si nguzo za ndoa. Nguzo ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mke, nayo huweza kuwa ndogo na huweza kucheleweshwa kwa makubaliano. Walima hutosha kwa mbuzi mmoja, au kwa kilichopo.

Miaka miwili baada ya Uhud, Waislamu walichimba handaki kuilinda Madina, nao wakiwa na njaa. Jabir alimwona Mtume (SAW) amefunga jiwe tumboni. Akakimbia nyumbani kumuuliza mkewe wana nini. Kulikuwa na pishi moja ya shayiri na mbuzi mdogo. Mke akasaga na kukanda, mume akachinja, kisha wakamwalika Mtume (SAW) na watu wachache. Akaja na watu wote wa handaki, wapatao elfu moja, na kwa baraka ya dua yake wakala wakashiba, na chungu bado kinachemka. Nyumba iliyokuwa haina cha kuwalipa wadai ndiyo iliyolisha jeshi. Na Jabir mwenyewe aliishi umri mrefu, akawa miongoni mwa maswahaba waliotufikishia hadithi nyingi zaidi, zinazopita 1,500.

Tunamwomba Allah (SW) awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awafungulie vijana wetu milango ya riziki na ndoa za upendo na huruma, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowauliza waliovunjika kabla hawajaondoka barazani. Amin.

Wabillahi tawfiq.